Huduma ya kutoa nyoka majumbani, Mwera na pembeni yake: nililipa na haya ndo niliyoyaona

Nianze na bei maana najua ndo mnayoitaka. Elfu thalathini kuja kumtoa nyoka, nauli ya boda juu yako kwenda na kurudi, na ukitaka akukagulie nyumba nzima na uwanja anaongeza elfu ishirini. Miye nililipa zote. Ile thalathini naona ya kawaida tu, hiyo ishirini ndo iliyonifanya nikae niandike, kwa sababu ndo iliyonirudishia usingizi na nasikia watu wengi wanaikataa, wanasema kijana anajitafutia pesa ya bure, nyoka si keshaondoka, anakagua nini tena.

Tunakaa Mwera, hapa Unguja, upande wa bondeni. Chini mpunga, juu minazi na miembe, na siku hizi kila ukigeuka kuna kiwanja kipya kinafyekwa na tingatinga. Sasa ukishafyeka pori lote aliyekuwa akikaa humo unataka aende wapi, sokoni Darajani? Anakuja kwako ulikomwekea kivuli na maji na panya. Masika ndo balaa zaidi, Machi mpaka Mei bonde linajaa, kila kilichokuwa chini kinapanda juu kutafuta pakavu, na pakavu ni banda lako la kuku.

Wetu alikuwa fira, yule anayetema sumu. Kajikunja bandani nyuma ya lundo la makumbi, mayai yanapotea siku nyingi na sisi tunamsingizia paka wa jirani.

Namba ya kijana nilipewa na mtu wa skuli anakosomesha dada yangu, siiweki hapa kwa sababu mwenyewe hataki, ukiuliza uliza utampata. Nilipopiga sikuulizwa kwanza niko wapi, niliulizwa mko mbali naye kiasi gani. Nikamwambia hatua kama kumi. Akasema bakini hapohapo, mtu mzima mmoja amwangalie kwa mbali wengine waondoke, watoto ndani, mlango wa banda uacheni wazi, na kama atatoka mwenyewe akaenda zake basi nipigie nisije, hutonilipa kitu. Hapo pa kutolipa nikampenda bure.

Shemegi yangu lakini keshashika panga. Kijana akamsikia kwenye simu anavyofoka akaomba azungumze naye ampe salamu. Nikaweka spika. "Kaka, assalaam alaykum, huyo anatema. Anafika mita mbili mpaka tatu na anapiga macho. Panga lako refu kiasi gani?" Shemegi akaliangalia panga lake. Halijasemwa neno jengine, likawekwa juu ya dari.

Lawama ya kwanza naitoa hapahapa: anachelewa. Hana chombo chake, anategemea boda, na boda wengine wakiona ile ndoo hawampakii. Tulimpigia baada ya chai ya asubuhi, alifika adhuhuri imeshaadhiniwa na kuku wote tumewafungia chooni. Kama wewe ni mtu wa roho nyepesi hayo masaa utayaona mwaka.

Alipofika lakini kazi yake safi. Mabuti, suruali nzito, miwani mikubwa ya plastiki ile ya kufunika jicho lote, fimbo ya chuma yenye ndoano mbele, koleo refu, ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye kifuniko kilichotobolewa, na dumu la maji. Nikadhani maji ya kunywa nikamwambia kaka maji yapo ndani ya friji, akacheka, kumbe ya kuoshea macho mtu akitemewa. Akatwambia sote, akikutemea usifikiche, unaosha kwa maji mengi, unaosha tena na tena, halafu spitali, na usitie maziwa wala dawa yoyote ya jichoni uliyonayo kabatini.

Kukamata kwenyewe mimi nilitarajia vita. Hakuna vita. Aliyatoa makumbi moja moja kwa ndoano, taratibu, na alipomfikia yule mdudu akanyanyuka kapanua shingo akamtemea ya miwani, kijana katulia tu. Ile ndoo akailaza ubavuni, mdomo umemuelekea nyoka, ndani kaweka kitambaa cheusi, akamzibia upande mwengine kwa fimbo. Nyoka akaona tundu la giza akaingia mwenyewe. Wallahi mwenyewe. Ndo akaniambia nyoka hana haja na wewe, anatafuta pa kujificha, ukimpa pa kujificha umemaliza kazi. Kifuniko, kwisha.

Kilichonikera hapo ni watu. Mtaa mzima ulishajaa uani na masimu juu, vitoto vimepenya mpaka mbele, na yeye hakuwafukuza. Mtu wa kazi kama hii alitakiwa aseme mapema sitoi nyoka mpaka uwanja uwe mtupu. Halafu baadae akafungua kifuniko kidogo watu wapige picha. Hiyo sikuipenda na nilimwambia, akasema anafanya hivo ili watu wawazoee. Wawazoee kwenye picha basi, si kwa fira aliyekwishakasirika.

Barazani sasa ndo ikaanza ile mijadala yetu. Shemegi anasema nyoka na nge mtume kaamrisha wauliwe hata uko kwenye sala. Mama mkwe anamjibu wewe umesoma nusu, nyoka wa ndani ya nyumba huambiwa kwanza, huonywa siku tatu, na hiyo pia ni hadithi, ipo katika Sahihi Muslim. Shemegi anasema ile ni ya nyumba za Madina tu. Mama mkwe anasema na hapa si nyumba? Ikawa hivo mpaka chai ikapoa. Kijana alipoulizwa akajibu kwa adabu, "Bibi, miye si sheikh, hayo waulizeni wenye elimu. Ninachojua miye wanaonipigia wakiwa wameshaumwa, mara nyingi ama wamemkanyaga gizani ama wamemfuata kwenda kumuua." Mama mkwe akaona kaungwa mkono, akamletea sahani ya wali.

Haya, elfu ishirini sasa.

Alizunguka nyumba yote na ndoano yake anaingiza kila tundu, na nilichokipenda hakutafuta nyoka hata mara moja, alitafuta panya. Anaangalia mavi ya panya, anaangalia njia zao za mafuta mafuta ukutani, anauliza chakula cha kuku mnakiweka wapi. Chetu kilikuwa kwenye gunia limeachwa wazi. Akasema bi dada wewe unafuga panya na panya anakuletea mgeni. Chakula kiingie pipa la plastiki lenye kifuniko, kuku walishwe asubuhi na mabaki yazolewe kabla ya magharibi. Mfereji wa nje unaovuja utengenezwe, maana maji yaliyotuama ni chura na chura ni chakula cha nyoka. Hiyo ya chura sijawahi kuifikiria maishani mwangu.

Makumbi, kuni, matofali yaliyobaki ya ujenzi, makuti ya zamani, vyote hivo tulivilundika kwenye ukuta wa nyumba, na nyinyi mnafanya hivohivo msijifanye. Akasema vitolewe mbali na nyumba, na kuni ziinuliwe juu ya kichanja ziachane na ardhi ili chini uweze kupaona. Makumbi tuyauze au tuyachome. Tawi la muembe lililolalia bati likatwe, kwa sababu wale wa kijani hawateremki chini ovyo, wanapita juu kwa juu, tawi likigusa paa umewajengea daraja.

Milango ndo ilikuwa aibu. Chini ya mlango wa jikoni kuna nafasi kidole gumba kinapita, na panapopita kidole gumba panapita nyoka. Tukatia mpira ule mweusi wa kukata, fundi seremala wa mtaani kaupigilia misumari siku hiyohiyo. Bomba la maji machafu linalotoka nje likafungwa waya. Banda la kuku likavikwa waya mpya wa matundu madogo, ule wa matundu makubwa wa kuku hauzuii kitu, tena una hatari nyoka akila yai au kifaranga akavimba anakwama humo hawezi kurudi wala kwenda, sasa unaamka unamkuta amenasa na amekasirika. Unataka tundu lisifike sentimita moja, na waya ufukiwe chini ardhini kidogo usiishie juu ya udongo. Huo waya si rahisi, uliniuma kuliko ada yake, ila banda ni dogo nikamshukuru Mungu.

Kitu ambacho kingenifanya nimkasirikie ni angejaribu kuniuzia dawa, na hakuniuzia. Mjini kuna duka, silitaji, linauza unga wa njano kwenye kopo, ukiunusa tu unajua ni kiberiti upele, wanasema ukimwaga kuzunguka nyumba nyoka hagusi. Jirani yetu aliumwaga, nyumba yote ikanuka, na fira huyu huyu njia yake ilipita juu ya ule unga, mchoro wa tumbo unaonekana kabisa kama mtu kaburuta kamba. Kijana akauangalia ule mchoro akacheka peke yake. Vitunguu thomu, chumvi ya mawe, dizeli, vyote anasema havizuii, na dizeli usithubutu wewe mwenye kisima uani, nyoka hatokufa nayo ila mtakunywa nyinyi.

Nikamuuliza wale wa kijani nitawajuaje yupi ana sumu yupi hana. Kuna yule grini mamba ambaye sumu yake ni ya kweli na yupo hapa Unguja, na kuna vile vijani vyembamba vyengine havina neno, vinakula vyura na mijusi. Jibu lake nililipenda: usijifunze kuwatafautisha. Mtu anayejua nusu ndo anayesogea karibu kuangalia jicho. Kama ni wa kijani na yuko juu ya mti, mwache juu ya mti, anakula ndege na panya na popo, kuja kwako hana sababu. Utajua yupo kwa ndege, wakikusanyika juu ya tawi moja wanapiga kelele hawaondoki, hasa kunguru. Hawa kunguru wetu walioletwa kutoka India miaka ya 1890 eti wasafishe taka, leo wamemaliza ndege wote wa mjini, basi angalau kazi moja wanaifanya. Ukitaka kuwaona nyoka kwa karibu bila ya presha nenda ZALA, ile bustani ya wanyama kule Muungoni, njia ya Kizimkazi, mimi watoto niliwahi kuwapeleka na mdogo wangu aliyekuwa akipiga kelele kwa nyoka wa kwenye televisheni alitoka kule anauliza maswali.

Jambo gumu kwangu lilikuwa la nyoka wa pili. Huyu hatukumuita yeye kumtoa, alimkuta katika ukaguzi, stoo, nyuma ya magunia ya mpunga. Mdogo, kahawia anayeng'aa, kichwani ana mistari miwili ya rangi ya maziwa kila upande inapita kwenye jicho. Nyoka wa nyumba. Hana sumu, anatoka usiku, kazi yake panya, anawabana mpaka wanakata roho halafu anawameza. Kijana akamwinua kwa mkono mtupu akanionesha akaniuliza, "Huyu nimchukue au nimwache? Nikimchukua elfu thalathini haiongezeki. Ila panya wako utawala wewe." Mume wangu kasema achukuliwe. Mama mkwe kasema aachwe, amekaa siku zote hizo hajamla mtu. Miye nikasema aachwe lakini nje, si stoo. Akamtia kwenye ukuta wa mawe wa kule nyuma ya shamba, hatua chache tu, na stoo ikazibwa tundu.

Kumuona sikumwona tena, yupo hayupo sijui, wakati mwengine nakuta gamba lake kwenye mawe. Mpunga hautobolewi kama zamani. Sitosema nampenda. Nikienda kule nyuma napiga miguu chini kwa nguvu na usiku siendi bila ya tochi na viatu, hiyo ndo sheria ya nyumba sasa, mtoto akitoka uani usiku na ndara bila taa anarudishwa. Na hakuna kutia mkono pahali usipopaona, si kwenye kuni si kwenye tundu la mayai.

Fira yeye alikwenda kuachiwa bondeni, na hapa ndo kuna malalamiko ya mtaa mzima: kamwachia karibu. Watu walitaka ampeleke msitu wa Jozani huko akamtupe. Nilimbana nikamuuliza kwa nini. Akasema nyoka ana mtaa wake, anajua shimo lake na windo lake, ukimpeleka mbali na anakotoka hana anachokijua anabaki anatangatanga, na anayetangatanga ama anakufa ama anaingia nyumba ya mwengine ambaye hana namba yangu. Ukimweka sehemu yake, pori la karibu lisilo na watu, na nyumba umeshaifunga, hana la kumrudisha. Kwangu imeingia akilini. Jirani yangu haijamwingia hata kidogo na mpaka leo hatuzungumzi vizuri, sasa hiyo nayo iwekeni kwenye gharama.

Sitaki mtu afikirie napuuza hatari. WHO, Shirika la Afya Duniani, waliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na makadirio yao ni watu 81,000 mpaka 138,000 wanakufa duniani kila mwaka, wengi ni watu kama sisi wa mashamba. Kijana mwenyewe alisema wazi, mtu akiumwa usinipigie miye, utapoteza dakika. Mlaze, mtulize, mvue pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kisitikisike, tafuta gari. Usikate kwa wembe, usinyonye, usifunge kamba kukata damu, na yale mawe meusi ya kubandika eti yavute sumu waachie wenyewe. Wala usimfukuze nyoka ili umpeleke kumuonesha daktari, picha ikipatikana kwa mbali inatosha, isipopatikana nenda hivohivo. Akatuuliza mna nauli ya kufika spitali ya Mnazi Mmoja saa nane za usiku? Na dereva gani atapokea simu? Tukaangaliana. Sasa hivi namba mbili za madereva zimeandikwa kwa makapeni ukutani pale kwenye mita ya umeme.

Mengine yasiyonifurahisha ni madogo. Hatoi risiti, kila kitu mdomoni. Simu yake jioni haipatikani ovyo, na usiku haji kabisa, anasema gizani haoni mikono yake, sawa lakini nyoka nao usiku ndo wanatembea. Kaskazini ya Mahonda hafiki mpaka muelewane bei upya. Na Pemba ndo kabisa hayupo, ndugu zangu wa Chake waliniuliza nikawaambia jamani boti yenyewe itawapakia na ile ndoo? Nyinyi kule mna kanyoka kenu kadogo, wataalamu wanakaita Lycophidion pembanum, hakapatikani pengine popote duniani zaidi ya kisiwa chenu, na kanauliwa kila siku na fagio kwa kudhaniwa kana balaa. Mtu wa kazi hii angepata kazi nzuri huko.

Kama pesa yako ni ya kuchagua kitu kimoja, mimi ningesema chukua ukaguzi hata kama huna nyoka, tena uchukue kabla ya masika, mwezi wa pili hivi, kwa sababu mvua zikianza simu yake inakuwa na foleni. Na ukimpigia usitume shemegi mwenye panga apokee.